Sauti ya Kibiwott

Siku hizi mwanariadha akithibitika kutumia dawa za kuongeza nguvu, video zote za ushindi wake hufutwa, hata zilizomo kwenye simu za watu. Mashabiki wenyewe ndio walioidai sheria hiyo, na Jelagat wa Kapsabet alikuwa mmoja wao.

Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba Kiptarus, bingwa wa marathoni, alitumia dawa hizo. Jirani alipaza sauti uani, "Afutwe, mwizi huyo! Tulilia kwa furaha bure!"

Jelagat aliikimbilia simu yake. Siku ya ushindi wa Kiptarus alikuwa amemrekodi mumewe, Kibiwott, ambaye sasa ni marehemu, akiruka mbele ya runinga na kupiga kelele, "Kimbia, kijana wetu! Kimbia!" Hakuwa na rekodi nyingine ya sauti yake.

Alimwita binti yao, Chemeli, wakatazama pamoja. Kabla Kiptarus hajakata utepe, kioo cha simu kikawa cheusi.

"Mama, si wangefuta mbio tu, wamwache baba?"

"Kaa hapa," Jelagat alisema. "Nikuonyeshe alivyokuwa akishangilia."

Akasimama, akainua mikono, akapiga kelele. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe.