Mate Mbele ya Kamera

Fundi Mbaruku alikuwa amewatengenezea watu wa mji ule meno ya bandia miaka mingi, akichukua chapa ya mdomo kwa udongo laini, mpaka daktari kijana alipoleta kamera ya kupiga picha za meno.

"Afadhali hii, Fundi," Mama Saumu alimtania akiwa kitini. "Ule udongo wako ulitaka kunitapisha."

Daktari akacheka. Fundi naye akacheka, lakini moyo ulimchoma. Papo hapo akaona mate yametuama kwenye ufizi, pale pale kamera inapopita. Mate huharibu picha. Kukausha kwa pamba kungetosha. Hakusema. Waache waaibike na kamera yao, alijiambia. Wivu humfanyia mtu mzima hivyo.

Wiki iliyofuata jino jipya lililotengenezwa kwa picha ile lililetwa, likagoma kuingia.

"Kamera haikosei," daktari alisema. "Jino la jirani ndilo limezidi. Nitalisaga kidogo."

"Hili zima?" Mama Saumu akamgeukia Fundi. "Wewe unayajua meno yangu tangu zamani. Asage?"

Mashine ya kusagia ilishaanza kulia. Mama Saumu alipanua mdomo taratibu, macho yake yakabaki kwa Fundi.