Pita Wewe Kwanza

Nchi ya fuko ilikuwa moja, chini ya shamba moja la viazi, mpaka ikakatika vipande viwili. Kaskazini walisema viazi vyote viwe vya wote. Kusini walisema kila fuko na kiazi chake. Wakapigana misimu mitatu, na viazi vikaoza ardhini.

Sikudhani wa kaskazini, mchimbaji hodari, akaamriwa achimbe njia ya kuwavamia kusini, jeshi likimfuata. Katikati, pua yake ikagonga pua nyingine. Kumbe kusini nao walikuwa wanachimba.

Sasa fuko wana adabu yao: wakikutana njiani, mdogo hulala, mkubwa akapita juu yake. Sikudhani akalala bila kufikiri.

“Shikamoo,” akasema. “Pita.”

“Shikamoo,” akajibu mchimbaji wa kusini. “Mimi nami nimeshalala.”

Hakuna aliyethubutu kuitika marahaba. Nyuma yao majeshi yakaona aibu kubaki wima, nayo yakalala; udongo ulikuwa na joto, wakasinzia wote.

Waliamka na njaa. Juu yao kulining'inia kiazi kikubwa.

“Cha nani hiki?” akauliza Sikudhani.

“Tule kwanza,” akajibu wa kusini. “Tutapigana tukishashiba.”

Wakashiba. Na vita? Mpaka leo kila upande unaubembeleza upande mwingine uanze.