Duara la Bi Mwatime

Macho yalipoanza kumtupa mkono, Bi Mwatime, mpiga taipu wa barua za watu, alimwomba mumewe Kombo amtungie skripti, programu fupi ya kompyuta. Akibonyeza kitufe, kompyuta ikitafute kile kijistari kinachopepesa pale herufi itakapoangukia, kisha ikizungushie duara jekundu. Mwanzo duara lilikuwa kama punje ya kunde. Macho yakizidi kufifia, Kombo akilipanua: likawa shilingi, likawa kisahani cha kahawa.

Asubuhi hiyo mteja wao alikuwa mama aliyetaka kumwandikia mwanawe aliyepotelea ughaibuni.

"Andika hivi, Bi Mwatime: rudi tu, hakuna aliyekasirika."

Bi Mwatime akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena.

"Kombo, skripti yako imekufa. Haichori kitu."

Kombo akainama kutazama. Duara lilikuwa limejaa skrini nzima, jekundu pyu. Yule mama akafungua kinywa. Kombo akamtikisia kichwa.

"Imeharibika kidogo, mama watoto. Nitaitengeneza."

"Leo?"

"Leo leo."

Akaushika mkono wa mkewe, akakiweka kidole chake juu ya kioo. "Kijistari kiko hapa."

"Hapa?" Uso wa Bi Mwatime ukachangamka. "Basi mimi nakishikilia, wewe andika."

Kombo akaanza kuandika. Kwa herufi ya kwanza tu kijistari kikachomoka chini ya kidole, kikaenda zake. Bi Mwatime akazidi kukandamiza kioo, asije akakiachia.