Mgeni Aliyeletwa na Maji Yetu

Siku hizi mafuriko yakipita, watafiti huyafuata maji kinyumenyume hadi kwenye ua yalikotoka, na mwenye ua humpokea aliyesombewa nyumba. Ndivyo Bi Siwema wa Kigogo, kule bondeni, alivyoletwa juu Kimara, kwa Aneth, ambaye ua wake wote ulikuwa zege linalong'aa.

Bi Siwema alivua kandambili getini. "Nisikuchafulie, mwanangu."

Aneth alimpikia pilau, akampa kitanda chake mwenyewe. Kumtazama usoni ndiko kulikomshinda.

Siku ya tatu bibi aliamka mapema, akajifunga kibwebwe. "Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nipe langu, nisile bure."

"Hapa hakuna pa kulima, Bi Siwema."

Bibi hakuamini. Aliuzunguka ua ukuta hadi ukuta, akitafuta walau udongo wa kupanda mchicha. Mvua ikaanza. Maji yakateleza juu ya zege, yakapita chini ya geti, yakashika njia ya bondeni.

"Wajukuu wangu bado wako kule," alisema, bila hasira.

Kisha akafungua kanga aliyookoka nayo, akaikunja, akachuchumaa kuziba chini ya geti.

Aneth alitamani atukanwe.