Sahani ya Bi Tatu

Tangu mishahara yote ianze kupitia kwa Msimamizi, ile sauti iliyo ukutani mwa kila jiko, hakuna aliyekatiwa umeme wala kulala njaa. Lakini pia hakuna anayenunua kitu bila kutoa sababu.

Jioni moja ya Ramadhani, Mkasi aliomba unga na sukari ya ziada, apike kaimati.

"Futari yako inatosha," Msimamizi alisema.

"Ni za jirani. Bi Tatu ameniletea tambi. Sahani ya mtu hairudi tupu."

"Bi Tatu ana Msimamizi wake. Maisha yamepanda, Mkasi."

Mumewe alicheka. "Mwambie una mimba, Mama Rehema. Atakupa na maziwa."

"Nimefunga, Baba Rehema. Sisemi uongo kwa ajili ya unga."

Adhana ilipolia, Mkasi alimwachia mumewe tambi, yeye akafuturu kwa tende na maji. Kaimati alizopika kwa unga wa futari yake alizipanga zote kwenye sahani ya Bi Tatu, akaipeleka mwenyewe.

Aliporudi, Msimamizi alimwambia kwa upole, "Umefuturu kwa tende na maji, na umeweza. Kuanzia kesho nitapunguza unga wako."

"Punguza," Mkasi alijibu. "Utakaobaki, nusu ni ya Bi Tatu."

Akatandika mswala. Kabla hajanuia, alisikia kupitia ukuta sauti ileile ikimwambia Bi Tatu kwamba naye ameweza bila tambi, na kwamba kuanzia kesho zitapunguzwa. Mkasi akasimama, akingoja kusikia jirani yake atajibu nini.