Rudia, Mwalimu

"Rudia, mwalimu," Gladness alisema, simu ikiwa mbele ya uso wake. "Hiyo haikutoka vizuri."

Ilikuwa mara ya tano. Mwalimu Masele alirudi alikoanzia, akafuta jasho kwa kiganja, akakimbia tena kuelekea shimo la mchanga. Hakuruka mbali. Alitua kwa magoti, akabaki pale pale akihema.

"Asante, mwalimu. Hiyo imetoka."

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na vipindi ishirini na nane kwa wiki. Asubuhi alifundisha uraia, mchana michezo, na jioni alitoka Nyakato kurudi kwake Igogo, juu kwenye mawe. Kilima hicho zamani alikuwa akikipanda huku anapiga mluzi. Sasa alipumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Uzee, alijiambia, na mara nyingine alilala bila kula.

Simu ilikuwa ya shule. Mkuu wa shule aliwanunulia Januari, na mwanzoni ilileta neema. Obedi, aliyeruka kwa miguu miwili kama chura, alipigiwa kelele muhula mzima bila mafanikio. Siku alipojiona kwenye kioo cha simu, kwa mwendo wa polepole, alicheka mwenyewe, akaenda kuruka vizuri. Masele alifurahi hata akasahau kuchoka. Kazi ya kurekodi alimpa Gladness wa kidato cha tatu, kiranja wa michezo, msichana mwenye mkono uliotulia.

Lakini tangu Machi mambo yaligeuka. Watoto waliacha kurekodiana. Kila kipindi ilikuwa yeye tu. "Mwalimu, tuonyeshe wewe." "Mwalimu, upande huu kuna jua, hamia kule." Juzi Shimba alithubutu kusema, "Leo usiruke, mwalimu. Tembea tu, kama unavyotembea siku zote."

Alitembea. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Siku hiyo, baada ya mruko wa tano, alikwenda kunawa bombani. Aliporudi aliwakuta wamejikusanya nyuma ya stoo ya mipira. Katikati yao Shimba alikuwa akitembea huku anaburuta mguu wa kushoto, bega limelegea. Gladness alimrekodi, kisha akaandika kitu haraka kwenye simu. Hakuna aliyecheka, lakini walipomwona Masele wote waligeuza macho, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

"Leteni hiyo simu."

"Mwalimu, tulikuwa tunataka—"

"Lete, Gladness. Nendeni darasani. Wote."

Hakupandisha sauti. Miaka thelathini ya kuwafundisha watoto wa watu, na sasa amekuwa kichekesho chao. Alikaa juu ya jiwe, akaifungua simu.

Video za Obedi na za warukaji wengine zilikuwa zimefutwa. Zilizobaki zilikuwa zake mwenyewe, zimepangwa kwa tarehe, nyingi zikimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Februari, mguu wake wa kushoto ulinyanyuka kama wa kulia. Machi, ncha ya kiatu iligusa vumbi. Ya leo, mguu uliacha mfereji mrefu mchangani, na yeye hakuwa ameuhisi. Mwisho kabisa ilikuwa ya Shimba, akimwigiza.

Chini ya kila video kulikuwa na alama: imetumwa.

Aliiona mitaa yote ya Nyakato ikimcheka, wauza samaki, wazazi, walimu wenzake. Alifungua ujumbe ajue zimetumwa kwa watu wangapi.

Zilitumwa kwa mtu mmoja. Namba iliandikwa Mama Gladness, Nesi. Mwisho kabisa palikuwa na maneno ya Gladness: "Mama, Shimba amekuonyesha vizuri zaidi jinsi bega linavyoshuka. Tunaogopa kumwambia, atasema hajambo."

Jibu liliingia akiwa bado ameishika simu.

"Nimemwonyesha daktari hapa wodini. Anasema asingoje hata kesho. Mleteni sasa hivi, na njiani mmshike mikono yote miwili."