Kioo Chekundu

Nilibonyeza kitufe cha kufuta majina ya wagonjwa wasiofika hospitali yetu kwa zaidi ya miaka mitatu, na kioo cha kompyuta kikawa chekundu chote.

"Unafuta wagonjwa 43 kwenye orodha halisi," kikaandika. "Andika kwanza jina la mama wa mmoja wao."

Nikacheka. Onyo hilo nililiweka mwenyewe wiki iliyopita, baada ya kufuta wagonjwa wa kijiji kizima nikidhani niko kwenye orodha ya mazoezi. Sasa linanibana mimi.

Nikatoka hadi kwenye benchi la wagonjwa. "Jamani, kuna Nuhu wa Nanganga, hajaja hospitali zaidi ya miaka mitatu. Nani anamfahamu mama yake?"

"Mama yake si mimi?" Mwanamke mmoja akamsukuma mbele mvulana mwenye plasta kidevuni. "Jina la Nuhu tuliliacha jandoni. Katoka na jipya. Si ulimwandikia kadi juzi?"

Kweli, nilimwandikia. Kadi mpya kabisa.

Benchi zima likaangua kicheko.

"Na wewe, binti yangu," akasema, "kabla ya unyago ulikuwa unaitwa nani?"

Nikarudi mbio kwenye kile kioo chekundu. Mstari wa tisa nilikuwa mimi, kwa jina langu la utotoni.